"Step down" siyo lazima iwe kujiuzulu, tuelewane kabla hatujamchafua mtu

Mleta mada

Wakuu salaam. Hili jambo linanikaa rohoni muda mrefu na leo nimeona nilitoe, maana kila kukicha naona mtu maarufu kaandikwa kwa Kiingereza ana-"step down" na dakika mbili baadae kwa Kiswahili imeshakuwa AJIUZULU, kwa herufi kubwa.

Naanza na lililonikuta mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma ilikuja imeili kazini, mistari minne tu, inasema mkurugenzi wetu "will be stepping down as director at the end of the year". Mi ndo nilikuwa naaminika kwa Kiingereza pale, wenzangu wakaniuliza imesemaje nikawajibu bila kufikiri, mkurugenzi amejiuzulu. Basi. Kufika jioni stori imeshaota mikono na miguu, mtu hajiuzulu hivihivi, lazima kuna hela imepotea, si mliwaona wale wakaguzi juzi, wengine wakaanza mpaka kutaja kiasi. Kumbe yule mama alikuwa amemaliza kipindi chake tu, kaamua asiongeze kingine, na anabaki kwenye bodi kama mjumbe. Maneno yakamfikia. Aliniita akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, wapi pameandikwa nimejiuzulu?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hapakuwa pameandikwa popote, nilipaandika mimi kwa mdomo wangu.

Toka siku hiyo nikaanza kulifuatilia hili neno na ndugu zake wote.

Kiini chake ni hiki. "Step down" inakwambia kitu kimoja tu, kwamba mtu anashuka kutoka kwenye nafasi, na mara nyingi ni nafasi ya juu, uenyekiti, urais, ukurugenzi, unahodha. Haikwambii kwa nini anashuka. Haikwambii kama kasukumwa au katoka kwa hiari yake. Haikwambii kama ameshatoka au atatoka mwakani, hiyo unaitafuta kwenye tarehe. Na kubwa kuliko yote haikwambii kwamba ameondoka kwenye taasisi, kashuka kwenye hicho kiti kilichotajwa tu. Ndo maana baada ya "step down" angalia kinachofuata, "as chairman" au "from the board", hapo ndo utajua kaachia nini.

Chukua Bill Gates. Januari 2000 ali-"step down" kama mtendaji mkuu wa Microsoft, lakini uenyekiti wa bodi akabaki nao. Uenyekiti kauachia 2014, na kwenye bodi yenyewe katoka 2020. Miaka 20, ngazi tatu, na kila mara Kiingereza kilitumia neno lilelile bila shida yoyote, sasa we ukisema mwaka 2000 Gates alijiuzulu Microsoft umemdanganya msomaji. Bezos naye hivohivo, Julai 2021 kaachia utendaji mkuu wa Amazon akawa mwenyekiti mtendaji, hakwenda popote.

Kiswahili chetu kina maneno ya kutosha kabisa kwa hili. Kujiuzulu limetoka kwenye kuuzulu, yaani kumwondoa mtu madarakani, kwa hiyo kujiuzulu ni kujiondoa mwenyewe kabla hujaondolewa au badala ya kuondolewa. Masikioni mwetu neno hili lina harufu ya kuwajibika, kuna jambo limetokea. Kuachia ngazi ni pana zaidi na linaendana vizuri na "step down", mpaka picha ni ileile ya kushuka. Kung'atuka ni la heshima. Kustaafu ni umri au muda umefika. Kupisha uchunguzi ni kukaa pembeni, hujatoka bado. Tunayo yote haya halafu tunachota moja tu kila siku.

Karibuni wakuu.

Mchangiaji 2

Mkuu umegusa penyewe, ila nina swali dogo. Mi ni fundi umeme, kwetu "step down" ni ile transfoma inayoshusha umeme kutoka volti kubwa kwenda ndogo. Hilo ni neno lilelile au limegongana tu?

Mleta mada

Ni lilelile fundi, na mfano wako umenisaidia kuliko yangu yote. Maana ya msingi ni kushuka, kutoka juu kuja chini kidaraja. Transfoma yako haizimi umeme, inashusha volti yake tu, na mtu aliye-"step down" vilevile hajazimika, kashuka kutoka pale alipokuwa. Tofauti ni kwamba kwenye umeme kinashushwa kitu, kwenye vyeo mtu anashuka mwenyewe, kwa hiyo huwezi kuandika "they stepped him down" ukimaanisha walimtoa. Ukitaka kusema walimlazimisha andika "he was forced to step down". Kama walimtoa kabisa hilo ni "removed" au "dismissed" au "sacked", na kwa Kiswahili amefukuzwa, ametimuliwa, uteuzi wake umetenguliwa.

Mchangiaji 3

Samahani kaka mi naona unakuza mambo. Kamusi nyingi tu ukifungua "step down" zinakuandikia resign, na resign ni kujiuzulu, sasa mwandishi ana kosa gani? Afu hata huko kwao mtu akisukumwa na kashfa wanaandika "steps down" vilevile. Wao wenyewe hawatofautishi, sisi ndo tujifanye tunakijua zaidi yao?

Mleta mada

Hoja nzuri na sikupingi yote. Ni kweli "step down" inaweza kubeba kujiuzulu ndani yake, kila anayejiuzulu unaweza kusema kasteppu dauni na hujakosea. Lakini ukigeuza upande wa pili inagoma, siyo kila aliye-"step down" kajiuzulu. Mandela alimaliza kipindi kimoja cha urais mwaka 1999 hakugombea tena, Kiingereza wanaandika "stepped down" bila wasiwasi, nani kati yetu atathubutu kusema Mandela alijiuzulu?

Kuhusu kashfa, wao wana njia ya kukuonyesha, ila imejificha kwenye kihusishi kinachofuata na watu wengi tunapita juu yake. "Steps down over the scandal" maana yake kashfa ndo sababu. "Steps down amid the scandal" maana yake kashfa ipo imemzunguka wakati anatoka, lakini mwandishi hajathubutu kusema ndo iliyomtoa. "Following" ni kilikuja baada ya kile, basi. Mwandishi kachagua "amid" kwa makusudi, labda mwanasheria wao kamwambia hivo, we unakuja kuandika "ajiuzulu kwa kashfa" tayari umemhukumu mtu ambaye hata aliyeandika mwanzo hakumhukumu. Andika "aachia ngazi huku kashfa ikiendelea", ni ndefu kidogo lakini hujamwonea mtu.

Mchangiaji 4

Naomba nichangie upande wa kung'atuka maana mleta mada kapita haraka. Neno hili tumelizoea kwa Mwalimu Nyerere, asili yake inatajwa kuwa Kizanaki, lugha ya kwao, na alipolitumia kwa kuacha urais mwaka 1985 likaingia Kiswahili moja kwa moja. Sasa tazameni inavyofanana na ulichosema kuhusu Gates. Mwalimu aliachia urais Novemba 1985 lakini uenyekiti wa CCM alibaki nao mpaka 1990. Kashuka kiti kimoja, kabaki kingine. Kung'atuka ndo "step down" yenyewe kwa maana yake safi, hiari, heshima, muda umefika.

Halafu huyohuyo Mwalimu alishaacha cheo kabla, Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru aliacha uwaziri mkuu akaenda kujenga chama, akamwachia Kawawa. Ile vitabu vya Kiswahili vinaandika alijiuzulu, na hakuna aliyewahi kusikia harufu ya kashfa pale. Kwa hiyo hata kujiuzulu mkuu siyo kila mara lina harufu hiyo, inategemea nani na lini.

Mleta mada

Mwalimu wangu asante, na hapo mwisho umenirekebisha kwa haki, nilisema kwa ukali kidogo. Niseme hivi basi, kujiuzulu leo kwenye vichwa vya habari limebeba harufu hiyo, huko nyuma lilikuwa jepesi zaidi.

Na umenikumbusha kitu. Aliyempokea Mwalimu mwaka 1985 ni Mzee Mwinyi, ambaye miaka ya 70 akiwa waziri wa mambo ya ndani alijiuzulu kweli kujiuzulu, kwa sababu ya vifo vya mahabusu kule Shinyanga, hakuua yeye wala hakuagiza yeye, alisema wizara ni yake. Yaani siku ileile ya kukabidhiana madaraka mmoja anang'atuka, na anayepokea ni mtu aliyewahi kujiuzulu. Kwa Kiingereza wote wawili unaweza kuwaandikia "stepped down". Kiswahili kinawatenganisha, kila mmoja na heshima yake ya aina yake, na hilo ndo linaloniuma tunapolipoteza.

Mchangiaji 5

Hapa Kenya shida yetu ni "step aside". Kila kashfa ikitokea utasikia huyu a-step aside, na yeye anasema mi nime-step aside sija-resign, watu wanapigana kwa maneno wiki mbili. Hii kitu iko na tofauti kweli ama ni wanasiasa wanacheza na sisi?

Mleta mada

Ndugu yangu tofauti ipo, na nadhani nyinyi mnaijua kwa vitendo kuliko watu wengi. "Step aside" ni kusogea pembeni, njia ipitike. Kwa Kiingereza cha jumla inaweza kuwa ni kutoka moja kwa moja ili mwingine ashike, lakini kwenu imekaa zaidi kwenye maana ya kupisha uchunguzi, kiti bado chako, kuna anayekaimu, ukisafishwa unarudi. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alipohutubia bunge aliwataka maofisa waliotajwa kwenye ripoti ya tume ya maadili na kupambana na ufisadi wakae pembeni uchunguzi ufanyike, hiyo ndo "step aside" ya maana hiyo. Kwa hiyo mwanasiasa akisema sija-resign anasema kweli kilugha, ila we msikilizaji uliza maswali mawili, nani anakaimu, na hadi lini. Kama hayana majibu basi neno limetumika kununua muda.

Na siyo sawa na kusimamishwa. Kusimamishwa ni mwingine kakufanyia, hiyo ni "suspended". Kukaa pembeni ni wewe umesogea, hata kama umesogea kwa sababu bosi kakukazia macho.

Mchangiaji 6

Na "stand down"? Mi nilidhani ni ileile imekosewa.

Mleta mada

Hapana haijakosewa, ni ya Waingereza zaidi, na hii ndo inayotega watu kuliko zote. Uingereza mbunge akisema "I am standing down at the next election" maana yake hatagombea tena uchaguzi ujao, ubunge anaendelea nao mpaka siku hiyo. Hajaacha chochote leo. Mahakamani shahidi akimaliza anaambiwa "you may stand down", yaani shuka kizimbani. Jeshini ni amri ya kuwatoa askari kwenye hali ya tahadhari.

Sasa kumbuka Julai 21, 2024, barua ya Biden. Aliandika ni kwa maslahi ya chama chake na nchi yeye "to stand down" na kujikita kwenye majukumu yake ya urais kwa muda uliobaki. Niliona kwa macho yangu watu wameandika BIDEN AJIUZULU URAIS. Jamani sentensi ileile inasema anaendelea na urais! Alichoachia ni kugombea. Ukiishia kwenye neno moja husomi nusu ya pili, na nusu ya pili ndo ilikuwa habari.

Linganisha na mtu aliyejiuzulu urais kweli. Nixon, Agosti 9, 1974, barua yake ina sentensi moja tu, "I hereby resign the Office of President of the United States", kaiandikia kwa waziri wa mambo ya nje, wakati huo Kissinger, kwa sababu sheria ya Marekani inataka barua ya rais kujiuzulu ipelekwe kwenye ofisi hiyo. Hakuna "step" hapo wala "stand". Pakitakiwa nguvu ya kisheria Kiingereza kinarudi kwenye "resign". Na angalia hakuandika "resign from", kaandika "resign the office", zote sahihi, ila "step the office" au "step down the office" hazipo, usijaribu.

Kitu kingine kidogo hapohapo, mbunge wa Uingereza kisheria hawezi kujiuzulu hata akitaka. Tangu azimio la mwaka 1624 bunge lao haliruhusu, kwa hiyo anayetaka kutoka anaomba ateuliwe kwenye cheo cha jina tu cha kifalme, kile cha Chiltern Hundreds au cha Manor of Northstead, na cheo hicho kinamwondolea sifa ya kuwa mbunge. Magazeti yanaandika "resigned", makaratasi yanasema ameteuliwa.

Mchangiaji 3

Sawa kaka hapo kwa Biden nimekuelewa, mi mwenyewe nilikuwa mmoja wa walioamini. Wafalme je, na Papa? Benedikto alijiuzulu au aling'atuka?

Mleta mada

Wafalme wana neno lao "abdicate", kuachia kiti cha enzi. Edward wa Nane Desemba 1936, Akihito wa Japani mwisho wa Aprili 2019, Malkia Margrethe wa Denmark Januari 2024. Kwa Kiswahili aliachia kiti cha enzi au aling'atuka, mfalme haandiki barua ya kuacha kazi.

Papa Benedikto wa 16 alitangaza kwa Kilatini Februari 11, 2013, kuanzia Februari 28, sababu aliyotoa ni nguvu kupungua kwa uzee. Sheria ya kanisa inaita ni kujivua, na kwangu mimi kung'atuka linamfaa sana. Aliyemtangulia kutoka hai alikuwa Gregori wa 12 mwaka 1415, kwa hiyo unaelewa kwa nini waandishi walikosa neno siku ile, Kiingereza wenyewe walichanganya "resign", "step down" na "abdicate" ndani ya siku moja.

Mchangiaji 7

Mi niko upande wa mpira, kuna siku nimesoma mchezaji "re-signs with the club" nikawaambia washkaji huyu kaondoka, tukaja kumwona uwanjani wiki ijayo.

Mleta mada

Kile kistari katikati ndo kila kitu mkuu. "Resign" anaondoka, "re-sign" anasaini tena, ni kinyume kabisa. Hata matamshi tofauti, ya kwanza inasikika rizaini, ya pili ri-saini, na herufi s inabaki s. Na kuna nyingine tena, "resigned to", hiyo ni kukubali yaishe, mtu ameona hana la kufanya. "He is resigned to losing" hajaacha kazi, kakata tamaa ya kushinda.

Mchangiaji 8

Dada yenu naomba msaada maana mada imekuja wakati wake. Mi ni mweka hazina wa chama chetu cha wafanyakazi na pia nimeajiriwa kama afisa mapokezi. Nataka kuacha uweka hazina, kazi naendelea nayo. Barua zetu ni za Kiingereza. Nilikuwa nimeandika "I want to step down my job as treasurer". Baada ya kusoma haya nimeogopa kuituma.

Mleta mada

Dada vizuri hukuituma, hiyo "my job" ingekuletea balaa, mtu wa utumishi angesoma anadhani unaacha ajira. Andika hivi: "I am writing to inform you that I will step down as treasurer of the association on" halafu tarehe. Toa "I want", kutaka ni kuomba, na wewe unaarifu. Taja chama kwa jina kamili, weka tarehe ya mwisho, na uongeze sentensi moja kwamba utakabidhi vitabu vya hesabu kwa atakayefuata. Kwa mweka hazina hiyo sentensi ya makabidhiano ni ya muhimu kuliko shukrani zote, bila hiyo watu wataanza kuhesabu.

Siku ukija kuacha ajira yenyewe usitumie "step down", kwa nafasi ya kawaida inasikika kubwa mno. Hapo ni "I am resigning from my position as receptionist", unataja siku ya mwisho kulingana na notisi iliyo kwenye mkataba wako.

Mchangiaji 8

Nashukuru sana kaka. Na wenzangu kwenye chama niwaambieje kwa Kiswahili? Sitaki wafikiri kuna ugomvi au kuna hela.

Mleta mada

Waambie "naachia nafasi ya uweka hazina kuanzia tarehe fulani, vitabu nitavikabidhi mbele ya kamati". Usiseme najiuzulu. Na wasomee wewe mwenyewe kwenye kikao, usimwachie mtu mwingine akutafsirie.

Mchangiaji 8

Kikao ni Jumamosi. Nitasoma mwenyewe.